Pilau ya saa 4 asubuhi, walaji wa saa 11 jioni

"Habari za kazi. Niko kitengo cha utawala kwenye kampuni ya watu 80 hapa Dar es Salaam, na mwaka huu nimekabidhiwa tena sherehe ya kufunga mwaka. Ya mwaka jana ilituaibisha. Tulikodi bustani, tukampa mpishi mchele kilo 10 na nyama kilo 15. Alileta pilau saa 4 asubuhi ikiwa tayari, kwa sababu alikuwa na shughuli nyingine mchana. Wageni tuliwaita saa 8 mchana, lakini foleni, mvua na hotuba zikatufikisha saa 11 jioni ndipo tukala. Chakula kikaisha watu kama 25 wakiwa bado kwenye mstari. Kuanzia saa 3 usiku wenzetu sita wakatapika, na ofisi nzima inasema nyama ilikuwa mbovu. Safari hii nina shilingi milioni 4. Bosi anaona tukihamia hotelini mambo yatanyooka. Halafu kuna mvutano wa bia: wapo wasiotaka hata kuiona, na wapo wanaosema bila bia hawaji. Naomba mnisaidie, nianzie wapi na chakula kiwe kiasi gani?"

Pole kwa aibu ya mwaka jana, na pole zaidi kwa hao sita. Umegusa mambo manne: waliougua, chakula kuisha, hoteli na bia. Mawili ya kwanza yana mzizi mmoja, nao si uchache wa fedha wala ubaya wa bustani. Ni muda. Chakula kiliwasubiri walaji, halafu walaji wakazisubiri hotuba. Hilo lisiporekebishwa, hata ukipewa milioni 10 na ukumbi wenye viyoyozi, utarudi pale pale.

Nianze na waliotapika, maana hapo ndipo penye hatari. Bila sampuli ya chakula kupimwa maabara, hakuna anayeweza kuapa kilichowapata. Hata hivyo saa zenyewe zinasema mengi. Walikula saa 11 jioni, wakaanza kutapika saa 3 usiku, yaani baada ya takriban saa nne. Maradhi mengi ya tumbo yatokanayo na chakula huchukua nusu siku, siku nzima au zaidi kujitokeza, kwa sababu vijidudu hutakiwa kwanza vizaliane ndani ya mlaji. Mtu akitapika ndani ya saa moja hadi sita, mara nyingi amekula sumu iliyokwisha kutengenezwa ndani ya chakula kabla hakijafika mdomoni. Na kwenye pilau iliyolala mchana kutwa, wa kwanza kutiliwa shaka ni wali wenyewe, si nyama.

Mchele hutoka shambani na bakteria wa udongoni aitwaye Bacillus cereus. Hata ukiuosha maji saba, hatoki wote. Ukipika, bakteria hai hufa, lakini mbegu zake zenye ganda gumu hustahimili maji yanayochemka. Pilau ikibaki juu ya nyuzi 60 za Selsiasi, mbegu hizo hulala tu. Ikishuka chini ya hapo na kukaa saa nyingi bila kufika kwenye ubaridi wa friji, mbegu huamka, bakteria huzaliana na kuacha sumu inayotapisha. Sumu hiyo haivunjwi na moto wa jikoni. Utaipasha pilau mpaka ifuke, bakteria watakufa, na sumu itabaki ilivyo. Kwa hiyo ule usemi kwamba chakula kikichemshwa tena hakina neno, kwa wali si kweli. Harufu nayo haitakuonya, wala ladha, na pilau yenye bizari na iliki ndiyo kabisa.

Sasa itazame ile sufuria ya mwaka jana. Mchele kilo 10, nyama kilo 15, maji na vitunguu: ni mzigo wa zaidi ya kilo 40. Joto hutoka kupitia pembeni na juu tu, katikati hakuna pa kupitia. Wapishi wengi huifunika kwa mfuniko, wakaizungushia magunia au blanketi, na kwa muda mfupi wa mwanzo wanafanya vema, kwa sababu pilau bado ni ya moto kweli. Kadiri mchana unavyosogea, moto unakuwa uvuguvugu, na lile blanketi lililokuwa linatunza moto sasa linatunza uvuguvugu. Hapo ndipo bakteria wanapostawi. Chukua kipimo hiki kichwani: chakula unachoweza kukishika kiganjani bila kuungua kimekwisha kutoka kwenye usalama. Shirika la Afya Duniani linaelekeza chakula kilichopikwa kisikae kwenye joto la kawaida zaidi ya saa mbili. Kwa Desemba ya Dar es Salaam, ambako joto la mchana hupita nyuzi 30, mimi ningeihesabu kuwa saa moja. Yenu ilikaa saa saba, tena ukiacha muda wa njiani.

Je, nyama imeachiwa huru? Si moja kwa moja. Waulize wenzako kama kuna walioumwa tumbo na kuharisha asubuhi ya pili bila kutapika. Wakiwapo, inawezekana bakteria mwingine alistawi kwenye nyama kwa uvuguvugu ule ule. Nyama inaweza kutoka buchani ikiwa nyekundu na safi, ikaharibikia ndani ya sufuria iliyofunikwa. Kumbadilisha muuza nyama peke yake hakutawasaidia.

Tuje kwenye kuisha. Kilo 10 kwa watu 80 ni gramu 125 za mchele mkavu kwa kila mmoja. Kilo moja ya mchele ikiiva huzaa kilo mbili na nusu hadi tatu za wali, kwa hiyo kila mtu alikuwa na zaidi ya gramu 300 za pilau. Kama kuna vitu vingine vya kushibia mezani, si haba. Lakini mliolisha ni kama 55. Kilo 10 gawanya kwa 55 unapata karibu gramu 180. Watu wa mbele walijipakulia karibu sahani moja na nusu kila mmoja, na huwezi kuwalaumu: waliitwa saa 8, wakakaa na njaa hadi saa 11, wakafikia sinia ambalo kitu cha kwanza ni wali na kijiko kiko mkononi mwao. Mtu mwenye njaa ya saa tatu hupakua kwa macho.

Kuna kosa la pili ambalo kamati nyingi hulirudia. Walioalikwa ni 80, lakini waliokula si 80. Kuna madereva, walinzi, DJ na kijana wake wa spika, MC, mpiga picha, wahudumu, na bosi mstaafu aliyepita kusalimia. Kwa desturi yetu hakuna atakayeachwa akiangalia wengine wanakula, na ni vizuri iwe hivyo. Basi wahesabu. Kwa ofisi yenu agiza sahani 90, na andika 90 kwenye mkataba wa mpishi.

Kwa sahani 90 ningepanga hivi. Mchele wa pilau kilo 12 na nyama ya ng'ombe ya kuchanganya kilo 8. Kuku 23 wa kilo moja na robo au zaidi, kila mmoja akatwe vipande vinne, maana kipande kimoja kikubwa kwa kila sahani kinamaliza maneno. Ndizi za kuchoma au za kukaanga kiasi cha kidole kimoja na nusu kwa mtu. Sufuria ya maharage ya nazi kutoka kilo 4 za maharage makavu, kwa wasiokula nyama na kwa wengi watakaoyataka hata hivyo. Kabichi au mchicha. Kwa kachumbari, nyanya kilo 7 na vitunguu kilo 3, na pilipili ikae bakuli lake. Matikiti manne makubwa yatatosha kwa kumalizia. Mkitaka mbuzi wa kuchoma, kumbukeni kwamba mbuzi wa kilo 25 akiwa hai hubaki na kilo 11 au 12 hivi baada ya kuchinjwa na kuchunwa, tena pamoja na mifupa. Huyo ni wa kuonja kwa watu 90, hawezi kuwa ndiye mlo. Ukimtangaza kwenye tangazo la ofisini kama "mbuzi choma", utaandaa malalamiko.

Kachumbari niiseme kidogo, kwa kuwa ni chakula kibichi na ndicho kinachosahauliwa. Ioshwe kwa maji salama ya kunywa. Chumvi na ndimu vitiwe dakika 15 kabla ya kula, kwa sababu chumvi huvuta maji ya nyanya, na kachumbari iliyotiwa chumvi asubuhi huja mezani ikiwa supu. Anayekata kachumbari asiwe ndiye anayeshika kuku mbichi, na ubao wa kukatia usiwe mmoja. Saladi ya mayonezi iacheni kabisa kwa shughuli ya nje mwezi wa Desemba.

Sasa saa, na hapa ndipo ningekuomba usimame kidete hata mbele ya bosi. Usianze kupanga kutoka saa ya kualika. Anza na saa ya kula, kisha hesabu kurudi nyuma. Tuseme ni Ijumaa na mnakula saa 10:15 alasiri. Waislamu wameshatoka swala ya Ijumaa na kuvuka foleni, na mtamaliza kula kwa nafasi kabla ya Magharibi, ambayo kwa Dar es Salaam mwezi huo huwa kama saa 12:30 jioni. Wageni waitwe saa 9. Wakifika wapokewe na kitu cha mdomoni: sambusa zinazotoka mafutani, karanga, juisi ya baridi. Hizo sambusa si urembo. Mtu aliyekula sambusa mbili hapakui kwa macho. Hotuba zianze saa 9:40, wazungumzaji watatu, dakika tano kila mmoja, na MC awe na mamlaka ya kuwakata. Hotuba nyingine zote, tuzo na shukrani, zihamie baada ya chakula. Hakuna atakayelala. Watu walioshiba husikiliza vizuri kuliko wenye njaa.

Jikoni, kwa saa hiyo ya 10:15, moto unawashwa mchana. Nyama ya pilau ianze kuchemshwa saa 6. Kuku wawe wameshalala na viungo ndani ya friji tangu usiku, na kama walikuwa wa friza, watolewe wahamie kwenye friji siku mbili kabla. Kuku aliyetolewa friza asubuhi ya shughuli huwa na barafu kwenye paja. Jikoni ataungua nje na mfupani bado damu. Waanze kuchomwa saa 8:30, mkaa ukiwa umeshavaa jivu jeupe, si wenye ndimi za moto. Kipande kikiiva, maji yanayotoka karibu na mfupa huwa meupe. Mwenye kipimajoto cha jikoni atafute nyuzi 74 kwenye sehemu nene ya paja. Ni kifaa kidogo na si ghali. Mwombe mpishi awe nacho au kamati inunue.

Pilau isipikwe sufuria moja. Mchele kilo 12 kwenye sufuria moja huungua chini huku juu punje ikiwa na kiini. Gaweni mara mbili, kilo sita kila sufuria yenye ujazo wa lita 30 hivi. Ya kwanza iingie jikoni saa 8:15 na kupaliwa makaa juu ya mfuniko ikifika wakati wake, iwe tayari saa 9:50. Ya pili iifuate nusu saa nyuma. Faida ni mbili kwa mpigo. Ya pili inafika mezani ikiwa inafuka pale ya kwanza inapoelekea kuisha, na wewe msimamizi unapata onyo: kama zaidi ya nusu ya watu hawajala na sufuria ya kwanza imekwisha, unajua bado una nafasi ya kupunguza kijiko. Sufuria ikiwa moja, hujui chochote mpaka mwiko ugonge chini.

Kwa hiyo mpishi mwenye shughuli nyingine mchana hawafai, hata awe hodari namna gani. Mtafute anayekubali kupikia pale pale au jirani ya pale, na kuondoka baada ya sahani ya mwisho. Hotipoti kubwa nzuri itatunza moto kwa muda kama imejazwa pomoni na chakula kilichotoka jikoni kikichemka. Ikijazwa nusu, au chakula kikiingia kikiwa kimepoa, haisaidii kitu. Vile vyombo vya bufee vyenye maji chini na kijimoto cha jeli navyo hutunza joto tu, havipashi. Maji yatakayomiminwa chini yawe yameshachemka.

Mstari wa chakula una hesabu yake. Mtu mmoja hutumia kama nusu dakika kupita mbele ya meza. Watu 90 kwa upande mmoja ni dakika 45, na wa mwisho atakula wa kwanza akiwa anaomba kuongezewa. Meza iwekwe katikati, ipitike pande zote mbili, vyombo viwe jozi. Muda unashuka hadi dakika 23 hivi. Mpangilio uanze na sahani, kisha kachumbari na mboga, ndizi, maharage, pilau, na kuku awe wa mwisho. Pilau na kuku vipakuliwe na wahudumu, vingine watu wajipakulie. Mhudumu mpole anayeuliza "nikuongezee?" hula mchele mdogo kuliko kijiko kilichoachwa huru. Waiteni meza kwa meza, na ningeanza na waliokaa mbali au wale ambao siku zote huwa wa mwisho ofisini: madereva, wafagizi, walinzi wa zamu. Atakayekuwa lindoni atengewe sahani mapema, ifunikwe, na ipelekwe ikiwa ya moto.

Kuhusu hoteli, bosi wako hajakosea kabisa. Hoteli nzuri ina jiko karibu, majokofu, jenereta, vyoo vya kutosha na paa. Desemba ni mwezi wa vuli, na mvua ya nusu saa hugeuza bustani kuwa tope. Hayo yana thamani. Lakini kwa milioni 4 kwa watu 90 mna kama shilingi 44,000 kwa kichwa, na kabla ya kulinganisha, uliza mambo ambayo bei ya kwanza haiyasemi. Je, VAT ya asilimia 18 imo ndani? Mnaruhusiwa kuleta vinywaji vyenu, na kwa ada gani? Ukumbi ni wa saa ngapi, na saa ya ziada ni kiasi gani? Soda inahesabiwa kwa chupa kwa bei ya baa? Mara nyingi majibu ya maswali hayo ndiyo yanayoamua. Ikiwa hoteli itabaki ndani ya bajeti kwa chakula cha kutosha, nendeni. Ikiwa mtalazimika kukata kuku au usafiri ili kulipia mazulia, bakini bustanini na mkodi hema. Ufukweni, Kigamboni au kwingineko, ni pazuri, ila ongezeni foleni ya kuvuka na jambo moja zito: bahari na bia havikai pamoja. Mkienda huko, muwe na mtu wa kulinda waogeleaji, na kuogelea kufungwe kabla vinywaji havijafunguliwa.

Uani kwa ofisi nako msikudharau. Nikilinganisha kwa haki, kwa bajeti yenu ningeweka uani pa kwanza kama pana nafasi ya hema, vyoo vinafanya kazi na majirani hawana neno. Mnabakiza kodi ya eneo lote, na hakuna anayepotea njia. Toeni taarifa serikali ya mtaa mapema, na spika zielekezwe ndani, zisielekee kwa majirani.

Bia ni jambo la heshima kabla ya kuwa la pesa. Kwa fedha za ofisi, ningependekeza mlipie chakula, maji, soda na juisi kwa wote, na asiwepo anayepata zaidi kwa sababu anakunywa. Wanaotaka bia wanunue wenyewe kwenye kaunta iliyowekwa upande mmoja, mbali na meza ya chakula na mbali na watoto kama wamealikwa. Njia ya pili ni tikiti mbili kwa kila mtu, zenye thamani sawa, ambazo mmoja atachukulia bia na mwingine juisi ya miwa. Ni ya haki pia, ingawa wapo ambao dhamiri yao haitakubali fedha ya pamoja inunue pombe, na ni vema kuwauliza faraghani kabla ya kuamua. Kisichofaa ni kreti zilizoachwa wazi. Nyama nayo ichinjwe na Mwislamu ili wote wale bila kuulizana. Kitimoto kisiwepo kwenye jiko hilo wala koleo hilo.

Kaunta ifunguliwe baada ya chakula. Chakula tumboni huchelewesha pombe kuingia kwenye damu, na hilo ndilo tu linalosaidia kwa kiasi fulani. Kahawa, maji ya baridi kichwani au kutembea haviitoi pombe. Ini hufanya kazi kwa mwendo wake: bia moja ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina karibu gramu 20 za kilevi, na mwili wa kawaida huhitaji saa mbili au zaidi kuimaliza. Aliyekunywa nne kufikia saa 1 usiku bado anayo usiku wa manane, hata akionekana mchangamfu. Kwa hiyo kodini Coaster, itangazwe mapema kwamba itapita njia gani na itaondoka saa ngapi, na kaunta ifungwe saa moja kabla. Usafiri huu usiwe wa kukatwa bajeti ikibana.

Vinywaji baridi: maji nusu lita chupa 180, soda kreti 8 za chupa 24, na barafu kilo 60 angalau. Barafu hiyo ni ya kupozea tu, isitiwe kwenye glasi kama hamjui maji yake yametoka wapi. Na kwenye mapipa mchanganye barafu na maji. Chupa iliyozama kwenye maji ya barafu hupoa ndani ya nusu saa hivi, lakini iliyowekwa juu ya vipande vikavu hupoa pale inapogusana navyo tu.

Milioni 4 ningezigawa hivi, ukizipima na bei utakazopewa: chakula na wapishi 1,900,000, vinywaji na barafu 700,000, hema, viti, meza na vyombo 450,000, muziki na MC 400,000, usafiri 250,000, na 300,000 isiguswe hadi siku yenyewe. Hiyo ya mwisho ndiyo italeta mkaa wa ziada, mafuta ya jenereta au kuku watano kutoka kwa jirani. Chukua bei kwa wapishi watatu ukiwapa karatasi moja yenye idadi na uzito ule ule, la sivyo utakuwa unalinganisha embe na nazi. Mlipe nusu mnapotiana saini, theluthi moja ya iliyobaki asubuhi akishafika na malighafi ukazipima, na salio baada ya sahani ya mwisho, kwa risiti. Kwenye mkataba andika kwa maneno: chakula kitolewe jikoni si zaidi ya nusu saa kabla ya saa 10:15.

Tarehe isipite wiki ya pili ya Desemba. Baada ya hapo wanaokwenda Moshi, Bukoba na kwingine wameshakata tiketi za basi, na mahema, MC na wapishi wazuri wameshachukuliwa. Angalia pia tarehe 9, Siku ya Uhuru, imeangukia siku gani, maana watu huiunganisha na wikendi.

Jenereta na nyaya za spika mwachie fundi umeme, usimwachie DJ. Iwe nje, mbali na hema na madirisha, kwa sababu moshi wake huua bila harufu kali. Kama idadi itapita 150, au mtakwenda ufukweni, mlipe msimamizi wa shughuli awepo siku nzima. Kamati ya watu watatu wenye kazi zao haitatosha. Kabla ya siku hiyo, uliza ofisini nani ana mzio wa karanga, samaki au kitu kingine, na mpe mpishi majina kwa maandishi.

Na ikitokea mtu akatapika tena: maji kidogo kidogo na dawa ya chumvi na sukari ya ORS. Asiyeweza kubakiza maji tumboni, mwenye damu kwenye choo au matapishi, mwenye homa kali, anayezimia, mjamzito, mtoto au mzee aende hospitali mara moja, asisubiri asubuhi. Wakiwa wawili au zaidi, mjulishe afisa afya wa kata au manispaa siku hiyo hiyo. Ili awe na cha kupima, kabla ya mtu wa kwanza kupakua chukua vijiko vichache vya kila chakula, weka kila kimoja kwenye kopo safi lenye kifuniko, andika jina na saa, na ukihifadhi kwenye friji siku tatu.

Kilichobaki kigaweni ndani ya saa moja tangu mstari ufungwe, kwa watakaokifikisha nyumbani na kukila au kukiweka kwenye friji mara moja. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku tangu Juni 2019, kwa hiyo tangaza mapema kila mtu aje na kopo lake. Pilau ya kwenye friji itandazwe kwenye sinia pana, isizidi kina cha vidole vitatu, isiachwe bonge ndani ya kopo. Na ile itakayokutwa bado ipo mezani baada ya saa hiyo moja, imwagwe, hata kama ni nusu sufuria.